Maharage ya jioni hupikwa Jumapili

Swali: "Naishi Tabata, kazi yangu iko Posta, na kwa foleni za jioni nafika nyumbani saa moja na nusu. Tuko wanne. Binti yangu wa kidato cha tatu ameacha nyama na samaki tangu mwaka jana, nami nimechoka kupika sufuria mbili kila siku. Nikijaribu maharage yanakaa jikoni saa tatu, gesi inaisha, na bado mengine yanabaki magumu katikati. Naomba vyakula vya jioni vya maharage na mboga za msimu visivyozidi dakika arobaini, na unieleze kwa nini maharage yangu hayaivi. Nina friji ndogo, jiko la gesi la plati mbili, na maji tunatumia ya kisima."

Jibu:

Dada yangu, neno ulilolitupia mwishoni kama la kujazia ndilo lenye nusu ya jibu: maji ya kisima.

Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji magumu. Utayajua kwa dalili mbili: sabuni ya mche haitoi povu mpaka uhangaike nayo, na birika linajijengea ukoko mweupe ndani. Ule ukoko ni chokaa, yaani madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sasa, punje ya harage imeshikamanishwa ndani na kitu kama gundi. Kuiva ni gundi hiyo kuyeyuka. Kalsiamu iliyomo kwenye maji huenda ikaikamata gundi hiyo na kuikaza, kwa hiyo unachemsha saa tatu huku maji yenyewe yanapigana na moto wako. Usibadilishe maji ya nyumba nzima kwa ajili ya hili. Tenga dumu moja la lita kumi la maji ya bomba la DAWASA, au ya mvua uliyokinga kwenye chombo safi, liwe la kulowekea na kuchemshia maharage tu. Kunawia, kuoshea vyombo na hata kupikia ugali, endelea na kisima.

Sababu ya pili ni umri wa maharage. Harage lililokaa mwaka mzima kwenye joto na unyevu wa mji huu hugoma kulainika hata ulipikie maji ya aina gani. Na ukiona mengine yameiva mpaka yanapasuka huku mengine yakigonga meno, mara nyingi gunia limechanganywa, ya msimu huu na ya msimu uliopita. Yatazame kabla ya kupimiwa. Maharage ya njano yakizeeka hugeuka rangi kuelekea kahawia, meupe huwa kama yamepigwa na moshi, mekundu hufifia na kukosa mng'ao. Shika konzi moja mkononi: ukiona rangi mbili za njano katika konzi moja, hayo yametoka kwenye mavuno mawili. Mwulize muuzaji yametoka wapi na yameingia lini. Pale Tandale kwenye nafaka za jumla watu wanajibu swali hilo bila kununa, na ukinunua kilo tano kwa pamoja ni nafuu kuliko nusunusu ya dukani. Mavuno makubwa ya Nyanda za Juu Kusini huanza kuingia mjini katikati ya mwaka, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba una nafasi nzuri ya kupata mapya. Ukifika Machi au Aprili, uwe mkali zaidi.

Sababu ya tatu ni nyanya. Wengi wetu hutia maharage mabichi, kitunguu, nyanya na kila kitu sufuriani mara moja, tunafunika, tunaomba. Uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju hukaza ile gundi niliyoisema. Harage likiwa nusu tu limeiva ukalitia nyanya, litasimama papo hapo lilipofika. Kitu chochote kichachu kinaingia baada ya harage kulainika kabisa, si dakika moja kabla.

Chumvi haimo kwenye orodha hii, ingawa tumefundishwa tangu utoto kwamba imo. Chumvi ya mezani haikazi maharage. Ukiloweka kwenye maji ya chumvi, sodiamu huingia kwenye ganda na kuchukua nafasi ya ile kalsiamu, ganda likalainika na punje zikaiva sawa bila kupasuka hovyo. Usichanganye hili na ule uchumvichumvi wa kisima chako ukasema basi mambo yako sawa. Mle ndani kuna chumvi na chokaa pamoja, na chokaa ndiyo inayokuharibia.

Magadi yanalainisha, ni kweli, na mtu aliyebanwa na maji ya kisima pekee anaweza kutia kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya karanga kwenye maji ya kulowekea, kisha akayamwaga. Lakini kuyatia kwenye sufuria inayochemka ni kujinyima: huua vitamini B1, hufanya maganda yabanduke kama utando, na mchuzi unabaki na ladha ya sabuni ambayo viungo haviifichi.

Tukishamaliza hilo, linabaki suala la muda. Hakuna ujanja wa kuyaivisha maharage makavu kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu usiku kila siku ya kazi. Ujanja ni kutoyapika jioni. Yapike kilo nzima Jumapili, uyagawe, na jioni kazi yako iwe mboga na mchuzi tu.

Jumamosi usiku, saa nne hivi, mwaga kilo moja ya maharage kwenye ungo au sinia, yachague mawe na yaliyotobolewa, yaoshe mara mbili. Yaloweke kwa lita tatu za maji ya dumu lako na vijiko vikubwa vitatu vya chumvi, kijiko kilichofutwa, si cha mlima. Asubuhi saa kumi na mbili yatakuwa yameshafikisha saa nane, na hapo yatoshe. Joto letu si la Lushoto: yakikaa saa kumi na tano juu ya meza mwezi wa Januari utakuta povu na harufu ya kuchacha. Ukijua utachelewa kuamka, weka beseni kwenye friji. Ukisahau kabisa kuloweka, chemsha maharage kwa dakika tatu, zima, funika saa moja, mwaga maji, halafu endelea kama kawaida.

Kabla ya kubandika, pitisha mkono kwenye maharage yaliyolowa. Punje nzima iliyolowa vizuri imekaribia maradufu na ganda lake limejaa. Utazikuta chache zimebaki ndogo na ngumu kama siku ziliponunuliwa. Hizo ganda lake halipitishi maji, na hazitaiva na wenzake. Zitoe. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayookoa jino la mtu mezani.

Mwaga maji ya kulowekea, suuza, tia maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vitatu. Moto mkali mpaka yachemke, na yaendelee kuchemka kwa nguvu dakika kumi kamili, unaondoa povu. Dakika hizi kumi usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayovunjwa na maji yanayochemka hasa, si yanayofukuta. Mtu akiyaweka mabichi kwenye chungu cha moto mdogo siku nzima anaweza kuishia kutapika na kuharisha, akafikiri ni mafuta. Baada ya hapo punguza moto mpaka uone maji yanatikisika tu, funika ukiacha upenyo, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi. Maharage mapya ya njano yatachukua kati ya dakika 45 na saa moja. Mekundu makubwa yanaweza kufika saa moja na robo.

Kupima, usitoe moja. Toa matano kutoka sehemu tano za sufuria, kila moja ulibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa bila kutumia meno. Yote matano yakisambaa kama uji mzito bila chembechembe, zima. Manne yakisambaa na moja likagoma, bado dakika kumi.

Ukiwa na presha kuka, maharage yaliyolowekwa yanataka dakika 15 hadi 20 tangu ilipoanza kupuliza, huku umepunguza moto. Usijaze zaidi ya nusu, maana povu la maharage huziba kitundu cha mvuke, na kijiko kimoja cha mafuta kinalipunguza. Iache ishuke yenyewe. Ukiilazimisha kwa maji baridi maganda yatapasuka yote. Yale majiko ya presha ya umeme yanayosukumwa siku hizi kwenye kampeni ya nishati safi ya kupikia yanafaa kazi hii kuliko nyingine yoyote jikoni: kilo yako inaiva kwa chini ya uniti moja ya LUKU, nawe umekaa kanisani au sokoni. Si lazima ununue. Lakini kama ulikuwa unatafuta kisingizio, maharage ni kisingizio kizuri.

Kilo moja kavu itakupa karibu vikombe kumi na viwili au kumi na vitatu vya maharage yaliyoiva, kikombe cha robo lita. Gawa kwenye vyombo vinne, vikombe vitatu kila kimoja, na supu yake juu mpaka yafunikwe. Supu hiyo usiimwage, ndiyo itakayokuwa uzito wa mchuzi. Sufuria nzima ya maharage ya moto ukiifunika na kuiacha juu ya meza mpaka usiku, itakuwa imechacha kesho yake asubuhi, kwa hiyo yapoze upesi: simamisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi, koroga, badilisha maji mara moja, na ndani ya saa mbili yawe yameingia kwenye baridi. Vyombo viwili friji ya chini, kwa Jumatatu na Jumatano. Viwili kwenye barafu. Hivyo vinakaa hata miezi mitatu bila kuharibika. Siku ya kutumia, kitoe cha barafu asubuhi kiwe chini, jioni kimeshayeyuka.

Jumapili hiyohiyo plati ya pili ikiwa wazi, pika rosti ya wiki: vitunguu vitatu vikubwa, kitunguu swaumu kimoja kizima, kipande cha tangawizi cha kidole gumba, kilo moja ya nyanya zilizoiva. Kaanga vitunguu kwa robo kikombe cha mafuta mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia swaumu na tangawizi nusu dakika, halafu nyanya na chumvi, moto wa kati bila kufunika, mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo ndipo pa kuzimia. Ukizima nyanya zikiwa bado na maji, rosti itachacha kabla ya Jumatano, na mchuzi utakuwa na ule ukali wa nyanya mbichi unaokaa kooni. Utapata kama vikombe viwili, ambavyo ni nusu kikombe kwa kila jioni.

Sasa jioni zenyewe.

Jumatatu, maharage ya nazi na matembele. Nazi moja nzito, ukiitikisa isikike maji, na macho yake yawe makavu bila ukungu. Ikunwe kwenye mbuzi, au kata vipande usage kwenye blenda na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu, ukamue kwenye chujio: hilo ni tui zito. Rudishia machicha maji vikombe viwili, kamua tena: tui jepesi. Weka tui jepesi sufuriani na nusu kikombe cha rosti, nusu kijiko cha chai cha manjano, na pilipili hoho moja iliyokatwa. Likichemka, tia vikombe vitatu vya maharage na supu yake. Baada ya dakika kumi, ponda upawa mmoja wa maharage ubavuni mwa sufuria. Mchuzi utashika bila unga. Matembele mafungu mawili, umeshayachambua ukaacha majani na ncha laini tu, umeyaosha kabla ya kuyakata na si baada, yaingie hapo kwa dakika sita. Mwisho tui zito.

Hapa pana mtego. Tui zito likitokota sana bila kukorogwa hukatika: mafuta yanaelea juu, chini panabaki maji yenye chengachenga. Halijaharibika kwa kula, ila halina tena ule ulaini. Punguza moto kwanza, mimina tui huku mkono mwingine unakoroga pole kwa upawa, ukiteka chini na kumwagia juu, na usiache mpaka lifike mchemko wa kwanza. Likishatulia, dakika nne za moto mdogo zinatosha. Kama unataka ndimu, ikamulie kwenye sahani. Sufuriani itakukatia tui. Wali mweupe au ugali, vyote vinakwenda. Tui lililobaki lisilale juu ya meza, weka kwenye barafu kwa vikombe.

Jumatano, majani ya maboga kwa karanga na maharage. Mboga hii inataka mikono kuliko moto. Vunja ncha ya kikonyo, utaona nyuzi nyeupe zimening'inia; zivute kuelekea jani, zitachunika hadi kwenye mishipa ya nyuma. Vuta pande zote. Asiyezitoa ndiye anayelalamika kwamba mboga ya maboga inakwaruza. Mafungu matatu, katakata, chemsha na robo kikombe tu cha maji dakika saba. Tia nusu kikombe cha rosti, vikombe vitatu vya maharage, na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa zikasagwa. Karanga usizimwage kavu kwenye sufuria, zitafanya madonge: zivuruge kwanza kwenye bakuli kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji. Moto mdogo dakika nane hadi kumi, koroga mpaka chini, maana karanga hushika na kuungua wakati juu panaonekana shwari. Karanga za kusaga, nunua nzima uzichague mwenyewe. Zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya ajabu zitupe. Kuvu wake huacha sumu ambayo kukaanga hakuiondoi, na ukinunua zilizokwisha kusagwa huwezi kujua ndani kulikuwa na nini.

Siku ambayo Jumapili ilikupita bila kupika, na zitakuwepo, ndiyo siku ya choroko. Hazihitaji kulowekwa. Kikombe kimoja na nusu cha choroko, zipete na kuzichagua kwa uangalifu maana vijiwe vyake vina umbo lilelile, zioshe, maji vikombe sita, moto. Dakika 35 hadi 40 zimepasuka, kwa hiyo jioni hii itazidi kidogo zile arobaini zako. Wakati zinachemka, shughulikia nyanya chungu nane na bamia robo kilo. Nyanya chungu chagua nyeupe au za kijani zenye ngozi iliyokaza. Zilizoanza kuwa manjano zina mbegu ngumu na uchungu wa kutosha kumfukuza mtoto mezani. Kata vipande vinne. Bamia zioshe zikiwa nzima, zifute kwa kitambaa zikauke, ndipo ukate. Bamia mbichi yenye maji ndiyo inayofanya utelezi ujae sufuria nzima. Zikaange kwa mafuta kidogo, moto mkali, dakika tano, zisifunikwe. Choroko zikishalainika, tia rosti kama ipo, au kitunguu na nyanya mbili ulizokaanga pembeni, tia nyanya chungu dakika kumi, bamia dakika tatu za mwisho, chumvi, kisha zima na ukamulie ndimu. Kuanzia vuli ikianza, embe bichi zikiwa mitaani, acha ndimu: menya embe moja, kata vipande vyembamba, vitie pamoja na nyanya chungu. Kwa maoni yangu hii ndiyo choroko tamu kuliko zote, na inakufaa hata ukiwa huna tui.

Kuhusu msimu kwa jumla. Wakati wa masika nyanya hupanda bei na nyingi zinafika zimepondeka, lakini majani ya maboga, majani ya kunde na matembele yanakuwa tele na laini. Miezi hiyo punguza nyanya kwenye rosti hadi nusu kilo, ongeza vitunguu na karoti, na uchachu utafute kwenye ukwaju: kijiko kikubwa kimoja cha ukwaju ulioloweka na kuchuja, mwisho wa mapishi. Mchicha wa masika huja na udongo, uoshe maji matatu ukiinua mboga kutoka kwenye maji, usimwage maji pamoja na mboga, kwa sababu mchanga umekaa chini nawe unaurudishia. Januari na Februari mchicha huwahi kutoa mbegu na kuwa mgumu. Hapo matembele na kisamvu ndivyo vinavyostahimili, pamoja na bamia na bilinganya.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, tafuta mbaazi mbichi. Watu wa pwani wataniambia mbaazi za nazi ni za asubuhi na mandazi, na wana haki yao, lakini zile mbichi za kijani ni chakula cha jioni kisicho na mfano: vikombe vitatu zilizomenywa, zichemke dakika 25 hadi zilainike, tui jepesi, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isipasuke, karoti mbili, kisha tui zito kwa utaratibu uleule. Mbaazi kavu ni habari nyingine, zinataka kulowekwa na presha.

Kisamvu kipike Jumapili na si jioni ya kazi. Majani ya muhogo yana sumu aina ya sianidi ambayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa wazi. Nusu kilo ya kisamvu kilichotwangwa, maji mengi, usifunike, kisipungue dakika arobaini, na kikibaki kigumu endelea hadi saa moja. Usifanye haraka kwa sababu kimetwangwa na mashine kikawa laini. Ulaini wa mashine hauna maana kwamba kimeiva. Kisha changanya na kikombe kimoja cha kunde ulizochemsha pembeni, kitunguu na tui. Gawa kwenye vyombo viwili, barafu, na Ijumaa yako imepatikana. Makande yaache kwa sikukuu au kwa presha kuka. Kwenye gesi ya kawaida yanakula saa mbili, na uliniambia dakika arobaini.

Kwa binti yako, mambo matatu. Kwanza kiasi: maharage kwake sasa ndiyo nyama, kwa hiyo apate kikombe kizima au zaidi, siyo vijiko viwili pembeni ya mlima wa ugali. Ugali na maharage vinasaidiana kwenye protini, ila maharage yakiwa machache hakuna cha kusaidiana. Pili, madini ya chuma. Yaliyomo kwenye maharage na majani mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C huurahisishia kazi: chungwa, paipai, ndimu kwenye sahani, au kachumbari mbichi ya nyanya na hoho. Chai, hata ya rangi, hufanya kinyume. Ile tabia ya kikombe cha chai juu ya chakula isogezwe saa moja mbele, hasa kwa msichana aliyeanza hedhi. Tatu, vitamini B12 haimo kwenye maharage wala mboga yoyote ya majani. Akiwa bado anakula mayai na kunywa maziwa, sawa. Akiviacha navyo, mpeleke kituo cha afya waongee naye kuhusu vidonge vya B12, na msingoje mpaka achoke.

Tumbo kujaa gesi wiki za mwanzo ni kawaida. Maji ya kulowekea ukiyamwaga umeshapunguza sehemu ya sukari inayosababisha hali hiyo, na choroko zina nafuu kuliko maharage. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza anza na choroko mara mbili na maharage mara moja, kisha geuza.